Mistari angani, rangi za upinde wa mvua kwenye suti ya bwana harusi: wakuu nimekesha siku tatu, naombeni msaada

PwaniLenzi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, naomba mnisome mpaka mwisho maana leo siku ya tatu nakaa na hili jambo na usingizi sina. Napiga picha za harusi hapa Tanga, mwaka wa sita huu. Jumamosi nilikuwa na harusi kubwa, ndoa msikitini, jioni picha za ufukweni Raskazone, usiku ukumbini. Wakati napiga kila kitu kilikuwa sawa kwenye skrini ya kamera, nimefika nyumbani nimekaa kuediti ndio mambo yakaanza.

Kwanza anga. Pale Raskazone jua linazama nyuma ya mji, kwa hiyo jioni upande wa baharini anga inatoka bluu inakwenda taratibu mpaka pinki, maharusi wanapapenda sana pale. Nikaongeza kontrasti, nikaisafisha noizi (zile chembechembe) itoke, anga iwe laini, mara naona mistari mipana imepinda, rangi moja inaishia hapa inaanza nyingine, kama pete za chai iliyokaukia kwenye kikombe.

Pili suti. Bwana harusi alivaa suti ya kijivu, kitambaa chenye nyuzi ndogondogo sana, kwa macho ilikuwa kijivu tupu. Kwenye picha begani na kifuani kuna mawimbi ya kijani na zambarau. Picha kumi na nne ziko hivyo, nyingine za suti hiyo hiyo hazina kitu.

Tatu ukumbini, kuna mikanda ya giza imekata picha mlalo kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine, inapita juu ya nyuso za watu.

Nimeitoa programu nimeiweka upya mara mbili, nimeskani virusi. Mama wa bibi harusi anataka albamu Ijumaa na nimeshampa neno langu. Nimekosea wapi?

Mdau_Mashine

Pole sana mkuu. Hiyo ni grafiki kadi. Ingia kwenye mipangilio ya programu zima matumizi ya grafiki kadi, funga fungua upya uone. Leptopu yangu ilikuwa inaniletea viboksi vyeusi katikati ya picha kila nikivuta zumu, nikazima vikaondoka, baadae nikaapdeti draiva nikawasha tena na mpaka leo iko vizuri.

PwaniLenzi

Asante mkuu, nimezima nimefungua upya, mistari ipo pale pale. Nikaeksipoti picha moja ya anga nikaiangalia kwenye simu, ipo na kule.

FundiRangi

Mkuu hapo umeshasaidia nusu ya kazi bila kujua. Kadi ikiwa na shida mara nyingi uchafu unauona kwenye skrini yako tu, viboksi, sehemu nyeusi, kipande kinachoruka ukisogeza. Ukieksipoti na simu nayo ikaonyesha kitu kile kile, basi kitu kimo ndani ya faili. Sasa kuna swali kiliingia saa ngapi, kwenye kamera au kwenye meza yako. Na usiyachukulie hayo matatu kama ugonjwa mmoja, kwa unavyoeleza ni matatu tofauti kabisa na kila moja lina mlango wake.

Nijibu haya. Picha za ufukweni ulipiga RAW (faili ghafi ya sensa) au JPEG (faili iliyobanwa na kamera)? Halafu fungua picha ya anga uliyoediti, chukua ile zana ya kuchovya rangi, anzia juu kabisa shuka taratibu kuelekea baharini huku unasoma namba za nyekundu, kijani na bluu. Uniandikie unachokiona. Usiangalie picha, angalia namba.

PwaniLenzi

Ufukweni nilipiga JPEG tupu, memori kadi ilikuwa inakaribia kujaa na nilitaka nafasi ya ukumbini. Msikitini na ukumbini ni RAW.

Nimefanya ulivyosema. Nimeshuka na ile ya kijani peke yake. Inasoma 143, 143, 143, inakaa hapo muda mrefu, halafu inaruka 146. Inakaa tena 146 muda mrefu, inaruka 149. Nimefungua na ile ambayo sijaigusa, hiyo inacheza 161, 162, 161, 163, 162, haitulii sehemu moja.

FundiRangi

Basi hilo la anga tumelikamata, na umelileta mwenyewe hapo kwenye "haitulii".

JPEG ni biti 8, maana yake kila rangi ina ngazi 256 tu, kutoka 0 mpaka 255. Inaonekana ni nyingi ukizidisha nyekundu kijani na bluu, unapata zaidi ya rangi milioni 16, lakini anga ya jioni haitumii zote, inatumia kipande kidogo. Tuseme kutoka juu mpaka kwenye maji kijani imebadilika ngazi 40 tu, na kamera yako ya megapikseli 24 hiyo anga ina urefu wa pikseli 2000. Gawanya. Kila ngazi inatandikwa pikseli 50. Huo ni mkanda, siyo doa. Ukiongeza kontrasti huzai ngazi mpya, unazichukua zile zile 40 unazitawanya, ndio maana namba zako zinaruka tatu tatu. Fungua histogramu (ule mchoro wa mgawanyo wa ngazi) ya picha uliyoediti utaona imekuwa kama chanuo, jino pengo jino pengo.

Sasa kwa nini ile ambayo hujaigusa haina mistari wakati ngazi zake ni zile zile? Kwa sababu ya noizi. Ile 161, 162, 161, 163 inamaanisha mpaka kati ya ngazi na ngazi umevurugwa, pikseli za huku zimechanganyika na za kule, jicho linasoma wastani linaona rangi inateleza. Ulipoisafisha anga noizi ukaondoa ule mchanganyiko, mipaka ikabaki mikavu. Mistari ulikuwa nayo toka mwanzo, noizi ndiyo ilikuwa inaificha. Hili linawachanganya watu wengi sana maana tumefundishwa noizi ni adui, na kwenye ngozi gizani kweli ni adui, lakini kwenye anga laini ndiyo inakubeba.

MamaStudio

FundiRangi umeeleza vizuri sana, naomba niongeze kwa aliyeanzisha uzi. Mwanangu hizo picha zinaokoleka. Rudi kwenye JPEG ya mwanzo, usiendelee na ile uliyokwishaharibu. Ibadilishe kwanza iwe biti 16 kabla hujagusa kitu. Kuibadilisha hakukuletei ngazi ambazo kamera haikuziandika, usije ukadhani hivyo, ila mahesabu utakayofanya baada ya hapo yatakuwa na nafasi za katikati za kukaa. Chagua anga peke yake kwa maski (kinga ya kuzuia sehemu nyingine zisiguswe), ilainishe kidogo kwa bulaa ukiwa humo kwenye biti 16, hapo ndipo ngazi za katikati zinapatikana. Kisha kontrasti yako. Kisha mwisho kabisa rudisha noizi kidogo juu ya anga, kidogo mno, asilimia moja au mbili, ya rangi moja na siyo ya rangirangi, ndipo ueksipoti. Ukieksipoti bila noizi mistari itarudi pale inaposhuka kuwa biti 8.

Na ngozi za watu safisha kwa maski yao, usitumie slaida moja kwa picha nzima.

kijana_wa_Kisauni

Niko Mombasa na hii shida ya anga nishawahi kuiona hata kwenye picha safi. Kabla mtu ahangaike, hakikisha si skrini. Leptopu nyingi za bei ya chini skrini yake ni biti 6 kwa kila rangi, inajazia zilizobaki kwa kuchezesha pikseli haraka, kwa hivyo anga nzuri kabisa unaiona na mistari. Kile kipimo cha namba ndicho kinakuambia ukweli. Namba zikipanda moja moja na bado unaona mistari, shuku skrini. Zikiruka ni faili. Mimi kuna picha nilizifanyia kazi usiku mzima na hazikuwa na kasoro yoyote, kilichokuwa na kasoro ni kioo nilichokuwa nakitazama.

PwaniLenzi

Mama shikamoo na asante sana. Nimefanya ya kwanza sasa hivi, nimeshindwa hata kukaa kwenye kiti. Mistari imeondoka. Nimeivuta mpaka 100% nimepita nayo kona zote, ipo laini kama nilivyoiona pale ufukweni. FundiRangi Mungu akubariki kaka. Naendelea na hizo nyingine ila suti bado inaniumiza, maana suti imo kwenye kila picha.

FundiRangi

Suti sasa. Hii ndiyo napenda kuieleza kuliko zote.

Chukua vyandarua viwili, vipandishe kimoja juu ya kingine dirishani penye mwanga. Utaona mawimbi makubwa yanatembea juu yake, na hakuna chandarua hata kimoja chenye mawimbi. Ukikisogeza kimoja kidole kimoja tu mawimbi yanahama. Yanatokana na matundu ya huku kukaribia kulingana na matundu ya kule bila kulingana sawasawa. Suti yako ni chandarua cha kwanza, nyuzi zimepangwa kwa safu. Sensa ya kamera ni chandarua cha pili, pikseli zimepangwa kwa safu. Zile nyuzi zikitua kwenye sensa kwa ukubwa unaokaribia pikseli, kamera haiwezi kuzihesabu tena moja moja, inakuletea wimbi ambalo halipo kwenye kitambaa. Ndio maana picha nyingine za suti hiyo hiyo hazina kitu, ulikuwa umesogea au umekaribia, hesabu ikabadilika.

Na kwa nini ya kijani na zambarau wakati suti ni kijivu? Kwa sababu pikseli za sensa hazioni rangi zote. Juu yake kuna vichujio vidogovidogo vya rangi, mpangilio alioubuni Bryce Bayer wa Kodak miaka ya 1970, nusu ya pikseli zinaona kijani, robo nyekundu, robo bluu. Rangi zilizobaki programu inakisia kwa kuangalia majirani. Wimbi la nyuzi likipita juu ya hizo pikseli, za kijani zinapata mwanga kwa mpigo mmoja na za nyekundu na bluu kwa mpigo mwingine, programu inakisia kwa uaminifu kabisa na inakupa kijani hapa zambarau pale.

Kabla hujaiponya fanya kipimo. Weka zumu 100%. Kama mawimbi yametoweka na yanarudi ukiwa 33% au 50% tu, basi hayamo kwenye faili, ni skrini inapunguza picha na kutengeneza chandarua chake. Hayo yaache. Yale yanayobaki kwenye 100% ndiyo ya kweli.

PwaniLenzi

Nimepima zote kumi na nne. Nane yametoweka kwenye 100%! Nilikuwa nimeshaanza kuzipaka brashi moja baada ya nyingine. Sita ni za kweli.

MamaStudio

Hizo nane zifute kwenye orodha ya maumivu, ila uwe makini wakati wa kuzipunguza kwa ajili ya mtandao maana kupunguza kunaweza kuyazaa tena ndani ya faili. Zilainishe kidogo sana kwenye koti kabla ya kupunguza.

Kwa zile sita, kama ni RAW programu nyingi zina brashi ya kuondoa mawimbi hayo, paka juu ya koti peke yake, usivuke kwenye uso wala kwenye hina ya bibi harusi maana inakula rangi. Kama ni JPEG fungua leya (tabaka) tupu juu, ibadilishe iwe ya kuchanganya rangi tu bila mwanga, chovya kijivu kwenye sehemu ya koti iliyo safi, paka juu ya kijani na zambarau. Rangi itakufa na mikunjo ya koti itabaki ilivyo. Mistari ya giza na mwanga inayobakia chini yake ni migumu zaidi, hiyo huwa naacha kama ni hafifu, kwenye printi ya kawaida mara nyingi haisomeki.

Lenzi_Mkongwe

Nichangie la zamani kidogo. Kamera nyingi zilikuwa na kioo mbele ya sensa kinachofifisha picha kiasi kidogo makusudi ili nyuzi za namna hiyo zisilete mawimbi. Kasoro yake inapunguza ukali. Mwaka 2012 Nikon walitoa D800 ya megapikseli 36 na D800E pembeni yake, tofauti kubwa ilikuwa hapo, E ilikuwa imeondolewa nguvu ya kile kioo. Aliyekuwa anapiga milima alichukua E, wa nguo na harusi tuliambiwa tufikirie mara mbili. Siku hizi kamera nyingi hazina kabisa kioo hicho, kwa hiyo ukiona mawimbi kwenye skrini ya kamera ukiwa kazini piga hatua moja mbele au nyuma, au badilisha pembe, au funga tundu la lenzi liwe dogo mpaka f/16 mwanga ukiwepo. Hatua moja inatosha. Ila yavutie karibu kwanza kwenye skrini ya kamera ndogo ile, nayo inadanganya vilevile.

bintiwaPemba

Samahani naingilia uzi, mimi yangu nusu ya chini ya picha imekuwa kijivu, na juu kidogo ya kijivu picha imehama pembeni na rangi zimegeuka pinki. Ni programu?

FundiRangi

Hapana dada, hiyo faili limejeruhiwa. JPEG inaandikwa kwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8, mstari kwa mstari kutoka juu, na kila kiboksi kinaandika tofauti yake na kiboksi kilichotangulia. Kikiharibika kimoja katikati, vyote vinavyofuata vinahesabu kutoka kwenye kosa, ndio unaona pinki, na programu inayoisoma ikipotea kabisa inaacha kijivu. Usiandike kitu chochote kwenye hiyo memori kadi. Itoe, jaribu kadi rida nyingine na waya mwingine, kopi upya. Wakati mwingine faili kwenye kadi ni zima na kilichokosea ni kopi.

bintiwaPemba

Nimebadilisha kadi rida, zimefunguka zote isipokuwa mbili. Nashukuru mno kaka, zilikuwa za khitma ya bibi.

PwaniLenzi

Pole sana dada. Wakuu imebaki mikanda ya ukumbini.

kijana_wa_Kisauni

Hiyo ni taa. Ukumbi ulikuwa na LED za mapambo si ndio? Na shata (muda wa sensa kupokea mwanga) uliweka ngapi?

PwaniLenzi

LED ukuta mzima, zambarau na nyeupe. Shata 1/640 na nilikuwa kwenye ile shata ya kimya, sikutaka kelele wakati wa dua.

kijana_wa_Kisauni

Basi ndio hapo. Umeme wetu Kenya na Tanzania ni hezi 50, na taa nyingi za LED zisizo na kifaa kizuri ndani yake zinapungua na kuongezeka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya kimya haisomi sensa yote kwa mara moja, inasoma mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hivyo mistari fulani ilisomwa taa imewaka na mingine taa imefifia, ukapata mikanda. Ungeweka 1/100 au 1/50 kila mstari ungekula mzunguko kamili wa taa na mwanga ungelingana. Taa nyingine za jukwaani zina kasi yake yenyewe isiyofuata umeme, hizo 1/100 haitoshi, kama kamera yako ina mpangilio wa kupambana na kufifia kwa taa uwashe, na utumie shata ya kawaida.

Kuitibu kwenye kompyuta ni kazi, sitakuficha. Unatengeneza maski ya mlalo juu ya kila mkanda, ncha zake ziwe laini, unapandisha mwanga mpaka ulingane na jirani, na rangi pia maana mkanda wa giza mara nyingi una rangi yake. Kwa RAW inawezekana. Uzuri wake mikanda ina nafasi zinazolingana, ukishapata mmoja unakopi unashusha.

MchapaPicha

Mimi nachapa albamu. Naomba tu mkuu usitume zile za anga zikiwa zimepita kwenye simu. Lete kwa flashi. Zikishapita kwenye meseji zinabanwa, na kubanwa kunakula kwanza ile noizi ndogo mliyoirudisha kwa taabu, mistari inarudi na viboksi juu yake, halafu mteja anasema mashine yetu mbovu. Na chapa kwanza moja ndogo ya anga kabla ya albamu nzima.

PwaniLenzi

Wakuu nimerudi, Alhamisi usiku. Anga zote ishirini na mbili zimekaa. Suti sita nimezipaka kwa leya ya rangi, tano zimekuwa kijivu safi, moja begani wimbi la giza bado lipo kidogo kwa anayejua pa kutazama. Ukumbini nilikuwa na picha thelathini zenye mikanda, nimetibu tisa, zile zenye wazazi na wakati wa dua, mkanda mmoja ulipita juu ya macho ya mzee nimekaa nao saa nzima na nusu mpaka umelingana. Nyingine zina jirani yake isiyo na mkanda nikatumia jirani.

Printi ndogo ya anga nimeichapa leo mchana, nimetoka nayo nje juani nimeinamisha huku na huku, hakuna mstari. Nimempigia mama wa bibi harusi nimemwambia nimepata tatizo ukumbini na nimelitibu kwa kiasi nilichoweza, akanijibu mwanangu leta tu tuone. Kesho saa nne naipeleka. MamaStudio nitakuja inboksi kwa ile moja ya begani.